Farasi Yuko Pale kwa Kazi Gani? Mhadhara kwa Wanaotaka Kujitolea Ughaibuni

Habari za jioni, ndugu zangu, na asanteni kwa kuja. Najua wengi wenu mnapenda farasi, wengi mnapenda wanyamapori, na mmeona matangazo ya kwenda ughaibuni kujitolea wiki mbili au mwezi mfanye yote mawili kwa mpigo. Siwakatazi. Ila kabla hujamlipa mtu yeyote, uliza hivi: farasi yuko pale kwa kazi gani?

Nauliza kwa sababu farasi na wanyamapori hawako upande mmoja kila mahali. Kuna nchi farasi ndiye anayehifadhiwa, kuna nyingine ni usafiri wa wahifadhi tu. Na kuna mahali farasi ndiye tatizo lenyewe. Ukitua pale na mapenzi yako yote, unaweza ukajikuta unasaidia kuharibu.

Tuanze Mongolia, na nitakaa huko kidogo. Huko kuna farasi wa Przewalski, farasi wa porini ambaye Wamongolia wenyewe humwita takhi. Ni mfupi, ana shingo nene, rangi ya mchanga, na nywele za shingoni zimesimama wima kama brashi. Ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 66, wakati farasi wa kufugwa ana 64. Porini alionekana mara ya mwisho mwaka 1969, huko kwenye jangwa la Gobi, kisha kimya. Waliobaki walikuwa kwenye bustani za wanyama, na wote walio hai leo ni uzao wa farasi wachache mno, kama dazeni moja hivi. Fikirini hatari yake: mnyama mzima, ukoo mmoja, ndugu wanazaana na ndugu. Ndiyo maana bustani ya wanyama ya Prague inatunza daftari la nasaba, nani mtoto wa nani, ili dume na jike wanaokutanishwa wasiwe wa damu ya karibu.

Mwaka 1992 wakaanza kurudishwa kwao. Kundi moja lilipelekwa Hustai, kama kilomita 100 magharibi ya Ulaanbaatar, mji mkuu, jingine Takhin Tal, pembezoni mwa Gobi. Msidhani ilikuwa kufungua geti na kupiga picha. Takhin Tal farasi waliotoka Ulaya walikutana na kupe wenye vimelea ambavyo miili yao haikuvijua, na baadhi wakafa. Kipupwe cha 2009 kuingia 2010 kilikuja na ile baridi kali ambayo Wamongolia huiita dzud, theluji ikafunika malisho, na kule Gobi takriban theluthi mbili ya takhi wakaangamia. Hustai mbwa mwitu huvizia watoto wa farasi. Na juu ya yote hayo kuna farasi wa wafugaji: dume la kufugwa likikutana na jike la takhi, wanazaa, na mtoto anayezaliwa naye anazaa. Acha hilo liendelee, takhi atapotea bila hata mmoja kuuawa.

Sasa mtu anayejitolea anaingia wapi? Kwenye kutazama. Hifadhi kama Hustai imepokea watu wa kujitolea wa kufuata makundi na kuandika wanachokiona. Kundi lina dume moja, majike kadhaa na watoto wao. Madume yasiyo na familia hutembea pamoja kivyao. Unakaa mlimani na darubini na daftari. Nani anakula, nani amelala, nani kamfukuza nani. Ghafla dume linatoka kundini, linakwenda kwenye rundo la kinyesi, linanusa kwa utulivu mkubwa, linapiga hatua mbele, linaongeza la kwake juu, kisha linageuka na kunusa tena kuhakikisha. Unaandika saa. Dume la kundi jingine likipita pale litasoma ujumbe huo. Ndiyo siasa ya farasi hiyo, na inatumia saa nyingi za mchana.

Na humgusi. Hapo ndipo wapenda farasi wanapochoka, maana mkono unawasha. Umevuka nusu ya dunia, farasi mzuri kuliko wote yuko mbele yako, na kazi yako ni kukaa mbali asikuzoee. Takhi akizoea watu, amezoea pia mbwa wao, farasi wao na magonjwa yao.

Kusini mwa Afrika mambo ni mengine. Huko farasi ni chombo cha kazi. Mtu juu ya farasi hana mngurumo wa injini, na pundamilia au twiga mara nyingi humchukulia yule farasi kuwa mla mimea mwenzao, kwa hiyo humruhusu kusogea kuliko wangemruhusu mtu wa miguu. Anapita mahali gari haliwezi, anafuata nyayo, anakagua uzio, anatafuta mitego ya nyaya. Nawaambia ukweli, ni njia tamu ya kuona pori. Lakini kupanda ni sehemu ndogo ya siku. Zilizobaki ni kuzoa kinyesi, kubeba maji, kugawa majani makavu na kukagua miguu. Farasi hawezi kutapika. Tumbo likimsokota kwa chakula kibaya anaweza kufa, kwa hiyo anayekuambia usimpe kitu kutoka mfukoni hakuonei.

Kwato mtazisafisha kila siku, basi tusemeane. Simama ubavuni ukitazama mkia wake, si nyuma kabisa, maana hapo hakuoni. Telezesha mkono kutoka begani hadi chini ya mguu, mwache ahamishe uzito, kisha inua. Ndani ya kwato kuna sehemu laini yenye umbo la herufi V. Kwangua uchafu kuanzia kisiginoni kwenda mbele, pembeni mwa hiyo V, usiichimbe yenyewe. Ukisikia harufu ya kuoza, mwite mwenye farasi. Kijiwe kidogo kilichosahauliwa pale kinamfanya farasi achechemee.

Huko huko kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, wadudu wadogo wanaouma. Pundamilia huubeba bila kuugua, lakini farasi wengi sana hufa kwa ugonjwa huo. Ndiyo maana mabanda mengi huwaingiza farasi ndani kabla jua halijazama, wakati visubi wanatoka. Nanyi mtakaokuwa mnataka picha za machweo mkiwa juu ya tandiko, mtaambiwa hapana. Pia dawa za minyoo: ivermectin hutoka na kinyesi na kuua mabuu ya mende wa kinyesi, wale wanaorudisha rutuba ardhini. Kituo kinachojali kitakueleza kinafanya nini kuhusu hilo. Kisichojali kitashangaa swali.

Australia nitapita haraka. Katika milima ya Kosciuszko farasi waliotoroka ufugaji zamani wamezaana mpaka wanakanyaga vyanzo vya maji na mimea isiyopatikana kwingine. Mwaka 2023 jimbo la New South Wales liliruhusu wapunguzwe kwa risasi kutoka angani, na watu wakagombana vibaya. Mimi nampenda farasi, na bado naona waliotetea ile ardhi oevu walikuwa na hoja nzito.

Kuna la simba pia, kwa sababu vifurushi vingine huchanganya farasi asubuhi na watoto wa simba mchana. Kataeni. Afrika Kusini imefahamika kwamba watoto wengi wa simba wanaotajwa kuwa yatima na kunyweshwa chupa na wageni walinyang'anywa mama zao, na wakikua baadhi huishia kuwindwa ndani ya uzio. Mwaka 2021 serikali ya nchi hiyo ilitangaza nia ya kukomesha biashara hiyo. Simba aliyelelewa mikononi harudi porini. Anayekuambia unamwandaa arudi anakudanganya.

Mambo ya makaratasi: nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi, hivyo viza ya utalii inaweza kukuletea matatizo. Someni bima mpaka mwisho, maana nyingi za safari haziwalipi walioanguka kwenye farasi. Chanjo ya pepopunda msiisahau. Na msikasirike mkiulizwa uzito; sehemu nyingi hutumia kanuni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, ikimaanisha farasi wa kilo 450 ana mwisho wa kilo 90.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza kama asiyejua kabisa kupanda anaweza kwenda. Anaweza. Kutazama takhi kunahitaji miguu na uvumilivu zaidi ya tandiko, na bandani utafundishwa. Waandikie ukweli kwenye fomu tu. Anayejisifu kwamba anajua hupewa farasi wa wanaojua.