Somo la Mwisho: Ukurasa Tunaouruka

Ndugu walimu, walionisikia kabla ya leo wanajua ninakoelekea, nami nawaomba wanivumilie. Hadithi ya mwandishi Mfaransa Alphonse Daudet iitwayo "Somo la Mwisho" tuliisoma sote tuliopitia shule za Kifaransa, kwa hiyo sitaisimulia upya; yatosha kukumbusha kwamba ni somo la mwisho la Kifaransa katika kijiji cha Alsace, jimbo la mashariki mwa Ufaransa, baada ya Waprusi, yaani Wajerumani, kulitwaa na kuamuru shule zifundishe Kijerumani tu. Kila mmoja wenu anamkumbuka mwalimu Hamel akigeukia ubao na kuandika kwa herufi kubwa, "Idumu Ufaransa!" Hapo wanafunzi hulengwalengwa na machozi, na hapo sisi hufunga kitabu.

Mimi nasema turudi nyuma kidogo. Franz, mwanafunzi anayetusimulia, ameitwa asome kanuni za sarufi, amekwama kwenye maneno ya kwanza kabisa, na sasa anayumbayumba pale penye benchi lake bila kuthubutu kuinua kichwa. Hamel hamkaripii. Anamwambia kwamba Waprusi sasa wana haki ya kuwacheka watu wanaojidai kuwa Wafaransa ilhali lugha yao hawawezi kuisema wala kuiandika. Kisha anagawa lawama: kwa wazazi, waliopenda watoto waende shambani au kiwandani ili waongeze senti mbili tatu, na kwake mwenyewe, aliyewatuma wanafunzi kumwagilia bustani yake na kuwapa likizo kila alipotamani kwenda kuvua samaki. Amefundisha pale miaka 40, amevaa koti la kijani la siku kubwa, na anayakiri hayo mbele ya wazee wa kijiji walioketi nyuma ya darasa. Nimefundisha muda wa kutosha kujua kwamba maneno hayo ni mazito kuliko yale ya ubaoni, lakini sijawahi kuona swali la mtihani linalomgusa mwalimu aliyekwenda kuvua.

Sasa niambieni: watoto hao wasiokijua Kifaransa walisema lugha gani nyumbani? Daudet, mzaliwa wa Nîmes huko kusini, hatuambii. Sehemu kubwa ya watu wa Alsace walizungumza lahaja ya Kijerumani, vizazi na vizazi kabla ya Mkataba wa Frankfurt wa 1871 kuwatia mikononi mwa Ujerumani. Najua mtakalonijibu, maana mmeshanijibu: mtu aweza kuipenda nchi hata kama haongei lugha yake. Ni kweli, na wako Waalsace wengi waliohama makwao ili wabaki raia wa Ufaransa. Lakini hadithi haisemi hivyo. Inasema kwamba watu waliotekwa, wakiishika lugha yao, wameshika ufunguo wa gereza lao, na ufunguo inaowapa watoto wale ni ule waliokabidhiwa shuleni, si ule wa mama zao. Sisi tuliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani katika uwanja wa shule tulipaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo, na badala yake tulilia pamoja na Franz.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuhusu China, ambako msomi Hu Shi aliitafsiri hadithi hii mwaka 1912, nitaruka. Kuhusu Japani nitasema tu kwamba wanaisimu waliikosoa kwa sababu hii hii, na katika miaka ya 1980 ikatoweka katika vitabu vya shule. Alsace yenyewe ilirudi Ufaransa mwaka 1918, Kijerumani kikaondolewa madarasani, na watoto wakaanza upya kwa Kifaransa. Somo la mwisho la mwaka ule, lile la Kijerumani, sikulikuta katika kitabu chochote nilichosomea.