Sauti Ikikauka Wiki Tatu

Ahsanteni, wazee wangu wa Arua, na mama zangu. Wengine mlinisikia nikilisema hili mwaka jana, na leo nalisema tena. Sauti ikikauka, wiki tatu zikapita haijarudi, koo litazamwe ndani, maana huenda ni saratani ya kisanduku cha sauti, pale kooni sauti inapotokea. Kufunguliwa mdomo pale duka la dawa hakutoshi.

Kuna mzee mmoja, mnadi katika mnada wa ng'ombe. Sauti ndiyo ilikuwa jembe lake. Ikaanza kukwaruza. Nyumbani wakasema ni vumbi. Duka la dawa likampa antibayotiki, akamaliza; akapewa nyingine, akamaliza. Mwezi wa tatu jirani akasema ni kimio, kikakatwa kwa wembe. Alitoka damu siku mbili, sauti iko vilevile, maana mkwaruzo ule hautoki kwenye kimio! Mwezi wa sita hospitali moja ikampa dawa ya kiungulia. Naona mnataka nifike mwisho. Ngojeni, miezi hiyo ndiyo iliyomponza. Kila mtu alimpa dawa, hakuna aliyetazama. Alipofika kwetu hospitalini ilikuwa saratani, pumzi yake ilipiga mluzi, tezi ya shingo ngumu kama kokwa la embe, tukamtoboa shingo usiku uleule apate hewa. Leo bei ya ng'ombe anaiandika kwenye daftari la mjukuu wake.

Mtu ataniambia: daktari, hata angewahi, saratani ni saratani. Nakataa. Ikikutwa ingali ndogo, kwenye uzi mmoja wa sauti, mionzi peke yake huponya wengi, na sauti hubaki. Hata iliyokwisha kukua: mwaka 1991 Marekani walichapisha utafiti wa wanajeshi wastaafu 332. Kundi moja walitolewa kisanduku cha sauti, kisha mionzi. Kundi la pili walianza na kemo, yaani dawa za kuua saratani, kisha mionzi. Baada ya miaka miwili, asilimia 68 walikuwa hai kila upande, na asilimia 64 ya kundi la kemo walikuwa bado na kisanduku chao.

Lakini mionzi hiyo ni mara 35 hivi, wiki saba, Kampala. Mtu wa Arua alale wapi wiki saba? Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya hospitali ya Mulago, Kampala, ya pekee nchini Uganda, ilikufa. Mpya ikazinduliwa 2018. Mashine ipo, kitanda cha mgonjwa wa mbali kiko wapi? Wabunge wetu waulizwe hilo.

Tumbaku. Najua imesomesha watoto wa West Nile, mkoa wetu huu, hata ada yangu mimi ilitoka humo. Siwatukani wakulima. Ila sigara na pombe vikikutana kooni, madhara yake huzidi ya kimoja kimoja ukiyajumlisha.

Naonyeshwa saa. Chai ya moto kupita nyuzi 65, iacheni ipoe, umio unaumia. Wasichana wa miaka 10 wapelekwe chanjo ya HPV. Virusi hivyo huleta saratani ya koo pia, si ya mlango wa kizazi tu. Mwenye sauti iliyokauka asiondoke. Kamera nyembamba ya kupitisha puani tumekuja nayo, na leo hakuna malipo.