Sekukulu Kijijini Masaka: Mwaka Huu Nazi Nimeziacha Tanga

Hodi huko nyumbani! Mnanisikia? Ngoja niisogeze simu, nimeiegemeza kwenye debe la maji na debe lenyewe limekaa upande. Haya. Hapo nyuma mnaona migomba. Nikigeuza huku, migomba tena. Nipo Masaka kwa wakwe zangu, leo tarehe 24 Desemba, saa kumi jioni, na hii mikono yangu msiishangae. Si uchafu, ni utomvu wa ndizi. Nilisahau kujipaka mafuta ya kupikia kabla ya kumenya, basi kesho nitakwenda nayo kanisani hivi hivi.

Kwa mgeni wa chaneli hii, mimi ni Mbondei wa Muheza, mkoani Tanga, nimeolewa Uganda, mwaka wa saba huu, na maskani yetu ni Kampala. Ndugu zangu wenye watoto London na Minnesota hunicheka, eti ughaibuni gani huo unaoufikia kwa basi. Jamani, lipandeni hilo basi kwanza. Mtashuka miguu imevimba na hamjui hata neno la kuombea chumvi, halafu ndiyo tuzungumze habari za ughaibuni.

Sasa, kwenye video iliyopita dada mmoja wa Ngamiani aliniuliza: Krismasi huko kwenu mnapika pilau au biriani? Dada, swali lako zuri, ila jibu lake lina aibu yangu ndani.

Krismasi yangu ya kwanza huku nilitaka wakwe wajue kijana wao kaoa. Nikasema nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kama kwetu. Nazi nikazitafuta Kampala wiki nzima. Mjue kwamba Kampala iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, minazi hamna, na kutoka Mombasa mpaka pale ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara. Nazi ikikufikia mkononi imeshasafiri kuliko wewe. Nikanunua sita, kwa bei ambayo mume wangu mpaka leo haijui, na kama anatazama video hii nitamwambia nilikuwa natania. Nimekuja nazivunja hapa kijijini mkesha wa sikukuu: mbili mbovu, moja joya, tatu ukizitikisa kimya, hazina maji. Nazi mbovu harabu ya nzima, nililijua hilo tangu mdogo, lakini wageni wako njiani nifanyeje? Nikazikuna zote tatu zilizobaki na moja ya zile mbovu. Wali ukatoka unanukia sabuni.

Wakwe zangu wana adabu, walikula. Sinia likaisha. Wakakaa wananitazama, mimi nawatazama. Mwisho mjomba wa mume wangu, mzee mpole kabisa, akauliza, "Emmere eri wa?" Nikamgeukia mume wangu, anasemaje mjomba? Anauliza chakula kiko wapi. Chakula kiko wapi! Na sinia hilo hapo, jeupe! Ndipo nikafundishwa kwamba kwa Muganda emmere kwanza ni matoke, ndizi zilizopikwa ndani ya majani. Viazi vitamu na mihogo navyo vinahesabika. Wali ni kitu cha kutafuna huku unangoja chakula.

Mama mkwe hakunisema hata neno. Mwaka uliofuata, siku tatu kabla ya Sekukulu, maana ndivyo wanavyoiita Krismasi huku, alinipa kisu akaniambia tukatembee. Mimi nilikuwa nimeshaandika orodha ya mapishi kwenye simu. Yeye orodha hana. Anazunguka shamba, anapapasa mikungu, anakata mhogo mmoja anautafuna mbichi, anafunua maboga chini ya majani, anasimama chini ya mwembe anatazama juu. Akirudi nyumbani ndipo anasema tutakula nini. Miaka yote nimekuwa nikianza na sufuria halafu natafuta cha kutia. Huyu anaanza na kilichokomaa.

Na Desemba hapa haina njaa. Mvua za vuli zimeanza Septemba, sasa ndiyo zinakatika, kwa hiyo mboga zimejaa: mchicha wanauita dodo, kuna mwekundu wake unaitwa buga, kuna nakati yenye uchungu kidogo, kuna ngogwe. Maharage mabichi yapo, yale unayamenya kwenye ganda na yanaiva upesi kuliko maharage ya gunia. Mahindi mabichi. Hayo yote tumeyachuma leo asubuhi, mbali kabisa ni pale mnapoona yule mbuzi.

Mbuzi mwenyewe ana sababu ya kusimama pale. Mwaka ule wa pili nilipomenya ndizi kwa mara ya kwanza, mama mkwe aliokota ganda langu moja, akalitazama unene wake, akasema, "Mukamwana, mbuzi watakushukuru." Mukamwana ndiyo mimi, mke wa mwanawe. Nimemenya mpaka leo na sauti hiyo iko sikioni.

Matoke yenyewe yanapikwa hivi. Chini ya sufuria unapanga vikonyo vya majani ya mgomba, vinakaa kama kitanda, maji yanakaa chini yake na hayagusi chakula. Juu unatandika majani, ndizi zilizomenywa unazifunga humo kama mtoto kwenye mbeleko, unafunika majani mengine mpaka mvuke usipate pa kutokea. Zikiiva unaliteremsha furushi zima, unaliminya kwa mikono juu ya majani hayo hayo, moto unakuunguza, wenzako hawapigi hata kelele. Halafu unalirudisha jikoni likae kwenye moto mdogo kwa saa kadhaa. Hapo ndipo ndizi inageuka njano na laini. Kesho tunakula saa saba mchana, kwa hiyo sisi tutaamka saa tisa usiku. Wanaosema Krismasi ni mapumziko hawajaolewa Buganda.

Sasa njooni karibu, hii ndiyo niliyotaka kuwaonyesha. Luwombo, mchuzi unaofungwa na kupikwa ndani ya jani la mgomba. Wazee wa huku wanasimulia kwamba upishi huu ulitoka jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, yule aliyeshika utawala mwaka 1884, na bado unapikwa kama chakula cha heshima. Jani linachaguliwa changa lakini limeshafunguka, ambalo upepo haujalipasua. Mnauona huu uti wa katikati? Unaupunguza kwa kisu upande wa nyuma, taratibu, mpaka jani lilale lenyewe. Halafu unalipitisha juu ya moto. Tazameni rangi… hapo! Lilikuwa kijani kibichi, sasa limekoza na linang'aa, na ukilikunja halikatiki. Sikieni, halitoi hata mlio. Mwaka wa pili nilipasua majani kumi na moja kabla ya kupata moja zima. Wifi yangu aliyahesabu.

Ndani ya jani unaweza kutia kuku, kuku wa kienyeji, kipande kimoja kwa kila mtu na furushi lake. Mimi leo nafunga la karanga. Karanga nyekundu mbichi, zimetwangwa kwenye kinu mpaka unga wake ukawa wa waridi, nimekoroga na maji, kitunguu, nyanya na chumvi. Humo naweka vipande vya kambare wa kukaushwa kwa moshi, na uyoga mdogo ule unaoota karibu na vichuguu mvua zikinyesha. Huu tuliuokota Novemba tukauanika juani. Unafunga kwa kamba ya mgomba, unapanga kwenye sufuria juu ya vikonyo vyake, mvuke unafanya kazi.

Karanga hizi ndizo zilizoniponya na nazi. Tui letu, dada zangu, hata lile tui bubu zito, lina ndugu yake huku na nilikuwa nampita kila siku sokoni. Uzito ule ule, mafuta yale yale juu ya mchuzi, ila huyu kalimwa hapa hapa na hajanunuliwa kwa siri.

Senene, wale panzi wa kuliwa, mnaniuliza sana. Wahaya wa Bukoba mnaonitazama, tulieni, najua mnao. Kwa Kiganda mwezi wa Novemba unaitwa Musenene, na Masaka hapa ndiyo penyewe. Usiku wanawasha taa kali, wanasimamisha mabati yanayong'aa yakielekea kwenye mapipa, wanachoma majani mabichi yatoe moshi. Senene wanakuja kwenye mwanga, wanalewa moshi, wanateleza kwenye bati mpaka ndani ya pipa. Unawatoa mbawa na miguu, unawakaanga bila mafuta maana wana yao, kitunguu na chumvi vinatosha. Msimu sasa unaishia, tumebakiwa na bakuli moja. Shemeji yangu mmoja hagusi kabisa. Yeye ni wa ukoo wa Nsenene, na mtu hali mwiko wa ukoo wake. Fungu lake nimejichukulia mimi, kwa heshima zote.

Kinywaji ni munanansi. Mananasi tutakula wenyewe, maganda yake nimeyaosha, nayachemsha na tangawizi na majani ya chai kidogo, sukari, yapoe. Hilo hata Muheza linawezekana kesho asubuhi.

Na hapa niseme na nyinyi wa nyumbani kidogo, mniwie radhi. Wiki iliyopita mdogo wangu kanitumia picha ya meza ya Krismasi anayoiandaa. Matofaa ya Afrika Kusini, zabibu za kopo, juisi ya boksi. Nikamwuliza, mwembe wa nyuma ya nyumba umekufa? Anasema la, embe zimejaa mpaka zinaoza chini, popo ndio wanakula. Embe dodo! Desemba hii! Mwanangu, tofaa lile limechumwa lini? Wewe unalipia safari yake. Mgeni akija hapa kwa mama mkwe na tofaa, litapokelewa vizuri, litawekwa kabatini, litakuwepo mpaka Pasaka.

Kwa mliopo Kampala ambao hamna shamba la kukimbilia, nendeni soko la Kalerwe alfajiri, malori ya matoke yanaposhusha. Kiswahili kinatosha, msiogope, zamani huku kilinuniwa kama lugha ya askari lakini tangu baraza la mawaziri lilipokipitisha kiwe lugha rasmi, mwaka 2022, hata huyu mjukuu hapa kijijini ananipa shikamoo. Ila msisubiri tarehe 24. Siku hiyo bei ya kuku inapanda pamoja na nauli.

Mnasikia? Mama mkwe ananiita. "Mukamwana!" Amefungua furushi moja la kuonja. Ngoja nigeuze simu… mafuta yamepanda juu, yanatiririka kwenye mkunjo wa jani… Anasema chumvi imezidi kidogo. Na anachovya tena. Anachovya tena, mnamwona?

Chaji imebaki kidogo na moto wa pili ni zamu yangu. Dada wa Ngamiani, pilau nitakupikia nikija.