Aliyejianika Utupu Stendi: Tuulize Alianza Lini

Ndugu zangu, makosa tunayoyazungumza leo huitwa madogo: mwanamume kuonyesha utupu wake stendi, kuchungulia bafu la jirani, kumpapasa abiria kwenye daladala. Ni madogo kwa anayeyahesabu tu. Dada aliyefanyiwa hayo huweza kuikwepa njia ile kwa miezi.

Mtu akikamatwa, wananchi husema ama ni kichaa ama ni mhuni, na vyovyote iwavyo anapigwa. Wagonjwa wa akili walio wengi hawajamgusa mtu yeyote. Kwa hiyo mimi huwauliza ndugu zake: alianza lini, na nini kingine kimebadilika?

Mzee wa miaka 62, mtu wa heshima zake, ghafla anajifunua mbele ya wageni wala haoni haya. Kumbukumbu anayo, hesabu anajua, ndiyo maana nyumbani hawashuku maradhi. Lakini amekuwa na uchu wa vitu vitamu, na msibani anacheka. Hapo nashuku kunyauka kwa sehemu ya mbele ya ubongo, maradhi ambayo Arnold Pick alianza kuyaeleza mwaka 1892. Mzee huyo anahitaji daktari, si rumande.

Kijana ambaye halali usiku kadhaa, anagawa fedha ovyo, kisha anavua nguo sokoni, huenda ana baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi. Na mwenye kifafa anaweza kuvua nguo kifafa kikimshika, asikumbuke lolote.

Yupo mwingine. Alianza ujanani, humvizia mwanamke aliye peke yake, na akitokea mwanamume hukimbia. ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayotumika tangu 2022, inautambua mwelekeo huo kuwa ugonjwa, na tiba ipo: mazungumzo na mtaalamu, pengine na dawa za sonona, ambazo hupunguza ashiki. Lakini kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania humwondolea hatia yule ambaye ugonjwa ulimzuia kuelewa atendalo, kujua kwamba halifai, au kujizuia. Anayesubiri njia iwe tupu amejizuia vizuri sana. Huyo ashtakiwe, na atibiwe.

Penye shaka, mahakama ina uwezo wa kuagiza mshtakiwa apimwe akili. Taasisi ya Isanga, pale hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ipo kwa kazi hiyo. Nawasihi wapelelezi: majibu ya ndugu yaandikwe siku ile ile. Na maelezo ya yule dada yachukuliwe kikamilifu, hata mtuhumiwa akionekana mgonjwa.