Mbona Walatino Wanashika Kiingereza Haraka Kuliko Sisi? Jibu Langu Kutoka Houston

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo naongea nanyi kutoka hapa Houston, Texas, na video hii nimeirekodi kwa sababu ya swali moja ambalo kila nikifungua komenti nalikuta: "Mbona Wamexico wanashika Kiingereza haraka kuliko sisi, wakati sisi tumekisoma tangu shuleni?" Wengine wanaongeza, "Wewe unasaidia kwenye darasa lao, tupe hiyo siri."

Kabla sijajibu, naomba tuelewane. Najua wapo watakaosema najionyesha, eti nimefika mahali pa kufundisha watu Kiingereza. Wapo pia watakaosema kila siku nalalamika kuhusu Marekani. Yote mawili hayapo. Darasa ninalosaidia ni la jioni, la watu wazima, na ni la bure. Wengi ni watu wa Mexico, Honduras, Guatemala na Venezuela, ndio Walatino ninaowasema, lugha yao Kihispania, na wapo ndugu zetu wa Kongo wanaoongea Kiswahili. Nitasema ninachokiona humo, na kila mtu apime kulingana na hali yake, maana kinachomfaa huyu si lazima kimfae yule.

Jibu langu ni kwamba hawatushindi kote. Wanatushinda kwenye maneno ya karatasi, maneno ya ofisi na ya shule. Sababu iko kwenye historia. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy kule Ufaransa, aliivamia Uingereza akaiteka, na kwa muda mrefu baada ya hapo wakubwa wa nchi ile walitawala kwa Kifaransa. Kifaransa na Kihispania vyote vimezaliwa na Kilatini. Kwa hiyo maneno mengi ya sheria, serikali, dini na elimu yaliyoingia kwenye Kiingereza, Mlatino anayakuta yana sura ya kwao.

Tena yana mpangilio. Neno la Kihispania likiishia na -ción, mara nyingi Kiingereza kinaishia na -tion: información, information. Likiishia na -dad, huwa -ty: universidad, university. -mente inakuwa -ly: finalmente, finally. -oso inakuwa -ous: famoso, famous. -ario inakuwa -ary: necesario, necessary. Akishika miisho hii mitano, mamia ya maneno anaanza kuyasoma bila kamusi. Sisi hatuna mtaji huo, na si kwa sababu ya uvivu. Mtaji wetu ni maneno ya Kiingereza tuliyokwisha kuyaswahilisha, kama fomu, benki, risiti, leseni, tiketi. Nayo yana mitego yake. Ukisema "the traffic stopped me" ukimaanisha trafiki kakusimamisha, Mmarekani ataelewa kwamba ulikwama kwenye foleni. Hoteli ya kwetu unayokula wali na maharage, hapa ni "restaurant". Buti la gari ni "trunk", na boneti ni "hood".

Sasa shida ya Mlatino inaanza pale neno linapotoka kwenye karatasi na kuingia mdomoni. Kihispania kina vokali tano, a e i o u, kama Kiswahili kabisa. Kiingereza kina zaidi ya hizo, ndiyo maana sisi na wao wote tunaangukia palepale: "ship" na "sheep" zinatoka sawa, "live" na "leave" zinatoka sawa. Wao wana la ziada, neno likianza na s ikifuatiwa na konsonanti, wanaweka e mbele: "eschool", "estreet". Sisi tunaweka vokali katikati au mwishoni.

Na kuna mkazo. Hapa nakaa kidogo kwa sababu watu wanapuuza jambo hili, halafu wanashangaa kwa nini Mmarekani anawaambia "what?" wakati neno ni sahihi. Información Mlatino anaikazia mwisho, kwenye -ción. Kiingereza kinakazia silabi inayotangulia -tion: in-for-MA-tion. Kiswahili karibu siku zote tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo maneno yote ya -tion sisi tunayapatia bila kufundishwa. Lakini mazoea hayohayo yanatuharibia "necessary", "photograph" na "comfortable", ambazo mkazo wake uko mwanzoni. "Comfortable" Wamarekani wengi wanaitamka kwa silabi tatu tu, kama KAMF-ta-bol. Ukiitamka herufi kwa herufi, msikilizaji anapotea. Kwa hiyo kila neno jipya liandikwe na alama ya mkazo, siku hiyohiyo ya kwanza.

Pa pili wanapokwama ni vile vitenzi vifupi vinavyofuatwa na kijineno, kama get up, put off, find out. Hivi havina asili ya Kilatini, kwa hiyo mtaji wao hauwasaidii. Mlatino atasema "tolerate", "discover", "postpone", maneno mazito ya kitabuni, halafu msimamizi kazini akimwambia "put it off till Monday", yaani iahirishe hadi Jumatatu, hajui afanye nini. Kazini ndiko vinakojaa: "clock in" na "clock out" ukiingia na kutoka zamu, "call in sick" ukiumwa, "fill out" fomu, "drop off" mtoto au mzigo, "run out of" kitu kikikwisha. Na kuna kanuni moja inayoangusha wengi: ukitumia "it" au "them", kwenye vitenzi vinavyoachana, yaani vinavyoruhusu neno kuingia kati ya kitenzi na kijineno chake, lazima kiwakilishi kikae katikati. Ni "turn it off", kamwe si "turn off it". Lakini vipo visivyoachana: "look for it", "run out of it". Hakuna njia ya kukisia, unajifunza kila kimoja ndani ya sentensi yake.

Sasa sikilizeni, sehemu hii inatuhusu sana. Kihispania na Kiswahili vinakutana pabaya kwenye mambo kadhaa. Wao wanasema tengo 20 años, sisi tunasema nina miaka 20, na wote tunaishia kwenye "I have 20 years". Kiingereza ni "I am 20". Tengo hambre, nina njaa. Kwa Kiingereza ni "I am hungry". Hivyo hivyo kwa kiu na usingizi. Dedo ni kidole, cha mkono na cha mguu, Kiingereza kinatenganisha "finger" na "toe". Su yao ni kama -ake yetu, haisemi mwenye kitu ni mwanamume au mwanamke, ndiyo maana "his" na "her" zinatuchanganya sote. Nao wanaangusha kiima kama sisi: tunasema inanyesha, wao llueve, halafu wote tunasema "is raining" bila "it".

Ila kuna pengine tuna nafuu. Wao esperar moja inabeba kusubiri, kutumaini na kutarajia, kwa hiyo wanachanganya wait, hope na expect. Sisi maneno hayo tunayo matatu. Wao wanasema hacer una pregunta, wanaleta "make a question", wakati sisi kuuliza swali kunakwenda sawa na "ask a question". Upande wa pili, wao tomar, yaani kuchukua, inawapeleka sawasawa kwenye "take medicine", na sisi tunasema "drink medicine" kwa sababu kwetu dawa inanywewa.

Kuna maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana, wenyewe wanayaita falsos amigos, marafiki wa uongo. Embarazada ni mjamzito, wala si "embarrassed". Éxito ni mafanikio, wakati "exit" ni mlango wa kutokea. Hayo yanaleta aibu kidogo na kupita. Yapo yanayogharimu fedha na mwili.

Januari 1980, Florida, kijana wa miaka 18 aitwaye Willie Ramirez alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui. Familia yake ilizungumza Kihispania cha Cuba, na neno intoxicado likatumika. Kwa Wakuba, intoxicado ni mtu aliyedhurika na kitu alichokula au kunywa. Upande wa matibabu likaeleweka kama "intoxicated", wakamhudumia kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya kichwa. Kijana alipooza mikono na miguu, na kesi ikaishia kwa makubaliano ya malipo ya takriban dola milioni 71. Kwa hiyo hata kama Kiingereza chako kinakutosha sokoni, hospitalini omba mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kukupatia bila malipo, Kiswahili kikiwemo. Sema tu "I need a Swahili interpreter, please". Na usimfanye mtoto wako wa darasa la tano kuwa mkalimani wa maradhi yako.

Neno la pili ni notario, na hili linaniumiza kwa sababu naona watu wanavyoliwa pesa. Mexico, notario público ni mwanasheria mwenye mamlaka makubwa ya kuandaa hati za nyumba, wosia na kampuni. Hapa Marekani "notary public" kwa kawaida ni mtu wa kawaida aliyepewa muhuri wa kushuhudia sahihi. Kama si wakili, hana ruhusa ya kukushauri sheria wala kukuchagulia fomu ya uhamiaji. Sheria ya Texas inamkataza hata kujitangaza kwa maneno notario público, maana watu wengi wametapeliwa kwa jina hilo. Na ndugu zangu wa Tanzania na Kenya, msione ni la Walatino peke yao. Kwetu anayegonga muhuri huo ni wakili, kwa hiyo tukiuona mlangoni hapa tunadhani tumefika kwa wakili. Mwenye haki ya kukuwakilisha uhamiaji ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Na tafsiri ya cheti chako cha kuzaliwa kwa ajili ya uhamiaji haihitaji muhuri huo. Mfasiri anaandika na kutia sahihi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba anaziweza lugha hizo. Mtu akikutoza pesa ya "notario" juu ya hapo, muulize ni ya nini.

Kuna jingine nilitoe moyoni. Mtanzania kasoma sekondari nzima kwa Kiingereza, chuo kwa Kiingereza, mtihani kaandika kwa Kiingereza, halafu anaambiwa alipe zaidi ya dola 200 kufanya TOEFL au IELTS, mitihani ya Kiingereza inayotakiwa na vyuo vya nje, kuthibitisha kwamba anakijua. Na matokeo yanahesabika miaka 2 tu. Nasema kwa uchungu na sibadilishi. Kabla hujalipa, andikia chuo barua pepe uulize kama wanasamehe mtihani kwa aliyesoma kwa Kiingereza. Baadhi wanasamehe, ila wanataka barua rasmi kutoka chuo chako cha zamani.

Sasa namna ya kujifunza, na narudia, ni kwa kadiri ya mtu. Usinunue kozi. Orodha ya Oxford 3000, yenye maneno muhimu ya Kiingereza, ipo bure mtandaoni, imepangwa kwa ngazi kuanzia A1 ya wanaoanza hadi B2 ya waliokwisha kupiga hatua. Chukua maneno 8 kwa siku, usizidishe, maana marudio yanajilimbikiza na wiki ya tatu utazidiwa. Tumia Anki, programu ya kadi za kukariri maneno, ambayo kwenye kompyuta na Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa. Wanaoanza wanaandika neno la Kiingereza upande mmoja na la kwao upande wa pili. Hapo ndipo Mlatino anapopata "I have hunger" na Mswahili anapopata "drink medicine". Mbele ya kadi weka sentensi nzima yenye pengo: "I need to ___ this form before Friday." Nyuma weka "fill out", alama ya mkazo, na sentensi nyingine moja. Ikiwa ni kitenzi kinachoachana, ongeza sentensi yenye "it". Soma kwa sauti kabla ya kugeuza kadi.

Kwa walioko hapa wanaosubiri uraia: sehemu ya lugha si kubwa kama mnavyotishwa. Unasoma sentensi 1 kwa usahihi kati ya 3, unaandika 1 kati ya 3, na orodha ya maneno yanayotumika uhamiaji wenyewe wameiweka wazi. Panapoangusha watu ni pale ofisa anapouliza maswali ya fomu ya N-400, ile ya kuomba uraia, kwa sababu fomu iliandikwa na mtu mwingine na mwombaji hajui "claim", "owe" wala "allegiance" maana yake nini. Chapisha fomu yako uliyojaza, pigia mstari kila neno usiloweza kulieleza kwa Kiingereza chepesi, na hayo ndiyo yawe kadi zako za mwezi huo.

Madarasa ya bure ulizeni maktaba ya mtaa au chuo cha jamii kilicho karibu. Jiandikisheni mapema, foleni huwa ndefu, na mtapewa kwanza jaribio la kuwapanga ngazi. Msijitahidi kupita uwezo kwenye jaribio hilo. Ukipangwa juu ya kiwango chako, kubadilishiwa darasa katikati ya muhula ni kazi.