Kuba Isiyo na Mpangaji: Mhadhara kuhusu Uwanja wa Astrodome

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu na ninyi wanafunzi wa mipangomiji, hamjambo. Hapa Dodoma jengo likibadilishiwa kazi hatushangai sana: ukumbi wa Chimwaga, ambamo CCM ilikuwa ikifanyia mikutano yake mikuu, uliingia mikononi mwa Chuo Kikuu cha Dodoma, na maisha yakaendelea. Leo nawaletea jengo ambalo limeshindwa kupata bahati hiyo, nalo ni uwanja wa Astrodome ulioko Houston, katika jimbo la Texas nchini Marekani.

Houston ni mji wa joto, unyevu na mbu. Timu yake kubwa ya besiboli ilianza mwaka 1962 ikicheza juani, na watazamaji waliteseka hadi Roy Hofheinz, aliyewahi kuwa meya wa mji huo, alipofanikisha ujenzi wa uwanja wenye paa na viyoyozi. Ulifunguliwa Aprili 1965, Rais Lyndon Johnson akiwa miongoni mwa watazamaji. Kuba yake ina upana wa takriban mita 196, yaani karibu urefu wa viwanja viwili vya kandanda, bila nguzo hata moja katikati.

Hapa naomba nikae kidogo, maana kisa cha nyasi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwa kuwa nyasi zinahitaji jua, paa liliwekwa vipande zaidi ya 4,000 vya plastiki inayopitisha mwanga, nazo nyasi zikaota vizuri. Lakini katika mechi za mchana mchezaji aliyeinua uso kuufuata mpira uliopigwa juu alipigwa kiwi na kuupoteza kabisa. Vipande vikapakwa rangi. Wachezaji wakaona, nyasi zikafa, na msimu ukamaliziwa juu ya udongo na majani makavu yaliyorashiwa rangi ya kijani. Mwaka 1966 likatandikwa zulia la plastiki lililotengenezwa na kampuni ya Monsanto, likaitwa AstroTurf, nalo ndilo babu wa nyasi bandia mnazozijua pale Kaitaba, Bukoba. Kila dawa waliyoipata ilizaa ugonjwa wake, na nadhani tabia hiyo haijaliacha jengo hili hadi leo.

Enzi zake zilikuwa kubwa. Januari 1968 watu zaidi ya 52,000 walijaa humo kutazama mpira wa kikapu wa vyuo, timu ya Chuo Kikuu cha Houston ilipoifunga ile ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), 71 kwa 69. Mwaka 1973, mwaka uleule TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie hapa tulipo, mwanamke mcheza tenisi Billie Jean King alimshinda humo mwanamume Bobby Riggs kwa seti tatu mfululizo, na mamilioni wakatazama kwa televisheni.

Kisha wapangaji wakaondoka. Timu ya soka la Kimarekani ilihama baada ya msimu wa 1996, ya besiboli baada ya 1999, na mwaka 2002 uwanja mpya ukafunguliwa jirani kabisa. Mwaka 2005 kuba hiyo iliwahifadhi maelfu ya watu waliokimbia kimbunga Katrina kutoka Louisiana, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kazi yake ya heshima kuliko mechi zote. Miaka michache baadaye milango ilifungwa.

Novemba 2013 wapiga kura wa Kaunti ya Harris, inayomiliki jengo, walikataa hatifungani za dola milioni 217 za kulifanya ukumbi wa maonyesho. Mwaka uliofuata likaingizwa katika orodha ya taifa ya mahali pa kihistoria, na mwaka 2017 jimbo la Texas likalipa hadhi inayozuia kulibomoa au kulibadilisha bila kibali. Sheria hiyo inaweza kumzuia mwenye katapila, lakini bili ya umeme na ya kuziba paa bado ni ya kaunti.

Mpango wa 2018, wa dola milioni 105, nao ulikwama. Ulikusudia kuinua sakafu na kuegesha magari chini yake, kwa sababu sakafu ya Astrodome iko kama mita 9 chini ya usawa wa ardhi, na kila mwenye wazo jipya lazima kwanza alipie shimo hilo.