Ganzi, Sindano na Woga wa Kiti cha Daktari wa Meno

Hamjambo nyote. Tuanze na habari inayowatisha watu wa Nairobi kuliko sindano yenyewe: ile ya jirani aliyeng'olewa jino na ganzi ikakataa kushika. Ikishasimuliwa plotini, wengi hawaendi tena.

Habari hiyo mara nyingi ni ya kweli, na ina sababu. Dawa tunayoitumia sana ni lignokeini ya asilimia 2. Ili ifanye kazi, lazima ipenye ndani ya mshipa wa neva. Penye uvimbe na usaha, nyama huwa na asidi nyingi, na asidi huizuia dawa isipenye vizuri. Ndiyo maana jino lililocheleweshwa ndilo gumu kutiwa ganzi. Mtu anaogopa maumivu, basi anatafunia upande mmoja, anaweka karafuu, anameza vidonge, na miezi inakwenda. Siku akija, lile aliloliogopa limeshakua mikononi mwake. Hata hivyo hajachelewa kabisa: daktari anaweza kuchoma mbali na uvimbe, kule mshipa unakotokea, au kutoa usaha kwanza na kuliacha jino kwa siku nyingine.

Sasa sindano. Inayouma zaidi si ncha, ni dawa inayosukumwa kwa haraka ikitanua nyama. Omba mawili. Fizi ikaushwe kwa pamba, ipakwe jeli ya ganzi, ikae kama dakika 2. Kisha dawa iingie polepole: kichupa cha mililita 1.8 kichukue dakika nzima au zaidi. Ukichomwa taya la chini, subiri dakika 5 hadi 10. Gusa mdomo wa chini kwa kidole: upande wote uwe mzito, hadi katikati ya kidevu. Kama bado unahisi kidole chako kama kawaida, kazi isianze. Sema wazi, usione haya.

Na mjue hili, maana hapa ndipo wengi hushtuka: ganzi inaondoa maumivu, haiondoi msukumo. Utahisi jino likisukumwa na kutikiswa, utasikia mlio mfupani. Kuhisi hivyo hakumaanishi kwamba ganzi imeisha. Vilevile dawa nyingi zina adrenalini kidogo ili ganzi idumu, na moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika chache. Wapo waliotoka hapo wakisema wana aleji ya ganzi, kumbe ni adrenalini au ni kuzirai. Mweleze daktari kilichokupata hasa, pamoja na presha, ugonjwa wa moyo na dawa unazotumia, naye atapima.

Usiende na njaa. Kunywa chai na ule kitu, isipokuwa umeambiwa ufunge kwa sababu ya dawa ya usingizi. Njaa na hofu vikikutana, mtu huzirai kirahisi. Ukitokwa jasho baridi, omba kiti kilazwe na miguu iinuliwe. Anayezirai kila akiona sindano akaze misuli ya miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15, alegeze, arudie mara 5. Kwa sindano ya mkononi, mkono unaochomwa hulegezwa; hapa kinachochomwa ni mdomo, basi kaza mikono pia.

Kabla daktari hajaanza, kubalianeni ishara: ukiinua mkono wa kushoto, anaacha. Ijaribuni mara moja mashine ikiwa imezimwa. Hofu kubwa ya kiti kile ni kulala mdomo wazi bila sauti, na mkono huo ndio sauti yako. Miadi ya kwanza iwe ya kuangaliwa tu, asubuhi, na utoke nyumbani mapema. Aliyekwama kwenye jam ya Thika Road anafika moyo tayari uko juu.

Kwa wazazi: acheni kumtishia mtoto kwamba akikosa adabu atadungwa sindano na daktari. Wala msimwahidi kwamba hatahisi chochote. Mwambieni mdomo utalala, kisha utaamka. Akirudi nyumbani mtazameni kwa saa 3 au 4, kwa sababu watoto huutafuna mdomo uliokufa ganzi hadi ukavimba. Mpeni uji uliopoa, na chakula cha kutafuna kingoje.